Piga Hodi Kabla Hujasema Mtandao Umekufa

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilikuwa Kilwa Masoko, nyumbani kwa mama, na saa sita usiku ndiyo ilikuwa mwisho wa kuwasilisha kazi ya kikundi. Tulikuwa watano, kazi ina alama 20. Faili la mwisho lilikuwa kwenye kompyuta yangu tu, maana mimi ndiye niliyepewa jukumu la kuunganisha vipande vya wenzangu na kupakia kwenye mfumo wa chuo.

Kilwa nilifuata nini katikati ya muhula? Msiba. Babu alifariki mwishoni mwa Aprili, nikaja kuzika. Kabla sijaondoka, Kimbunga Hidaya nacho kikaja. Tarehe 4 Mei kilikuwa jirani na Mafia, na ingawa kilipungua nguvu, mvua yake ilitosha kuikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi sehemu kadhaa, Somanga ikiwemo. Hata magari yalipoanza kupita, nilibaki kwanza kumsaidia mama na mjomba kurudishia bati zilizong'oka. Nikajiambia: barabara ikatike, intaneti si ipo? Nitapakia kazi nikiwa hapa hapa.

Saa kumi jioni nikawasha hotspoti ya simu, nikafungua kivinjari, nikaandika jina la mfumo wa chuo. Kikazunguka, kikazunguka, mwisho kikaniambia tovuti haipatikani. Nikajaribu WhatsApp, ujumbe ukabaki na alama ya saa. Nikajaribu kutafuta kitu Google, hola. Nikampigia simu ya kawaida dada mwenyekiti wa kikundi chetu aliyekuwa Dar, ikaita vizuri.

"Dada, seva ya chuo imekufa," nikamwambia.

"Wewe umejuaje imekufa?"

"Haifunguki."

"Haifunguki kwako. Kwangu hapa imefunguka sasa hivi. Lakini faili unalo wewe, na barua pepe haziendi. Fanya maarifa, kaka, tusije tukakosa wote."

Swali lake, "umejuaje imekufa", ndilo lililonifanya niandike makala hii. Nilikuwa na ushahidi wa jambo moja tu, kwamba sijapata jibu. Kati ya kompyuta yangu na seva ile kulikuwa na vitu vingi ambavyo kila kimoja kingeweza kuninyima jibu, na mimi nikarukia cha mwisho. Wengi wetu hufanya hivyo kila siku hosteli. Kwa hiyo tujifunze namna ya kuuliza vizuri.

Ping ni hodi

Ukifika nyumba ya watu, huingii tu. Unapiga hodi, unasubiri karibu. Kompyuta nazo zina hodi yao, nayo ni amri iitwayo ping. Unaiandika kwenye dirisha la amri la Windows, Linux au Mac, ikifuatiwa na jina au namba ya seva unayoitafuta. Kompyuta yako inatuma pakiti ndogo yenye maana ya "upo?", na mashine ya upande wa pili, ikiipata na ikikubali kujibu, inarudisha pakiti ile ile ikiwa na maana ya "nipo".

Aliyeiandika programu hii ni Mmarekani Mike Muuss, Desemba 1983, akiwa mtaalamu kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la nchi yake. Mtandao ulikuwa unamsumbua, akataka chombo chepesi cha kumwonyesha tatizo liko wapi. Jina alilichukua kwenye mlio wa chombo cha nyambizi: unatuma sauti majini, unasikiliza mwangwi, na kwa muda uliopita unajua kitu kiko umbali gani. Kanuni za hodi hii zilikuwa zimeshaandikwa mwaka 1981 pamoja na kanuni nyingine za intaneti. Yeye alitengeneza mkono wa kuigonga.

Jibu zuri kwenye Windows linaonekana hivi (namba hii ni ya mfano):

Reply from 192.0.2.10: bytes=32 time=48ms TTL=57

Tulisome kipande kwa kipande. Namba ya kwanza ni anwani ya mashine iliyojibu. "bytes=32" ni ukubwa wa mzigo uliotumwa. "time=48ms" ni muda wa kwenda na kurudi: milisekunde 48, yaani chini ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde. TTL ni kihesabu cha kuzuia pakiti isizunguke milele: kila rauta inayoipitisha hupunguza moja, na ikifika sifuri pakiti inatupwa. Mashine nyingi huanza na 64 au 128. Ukiona 57, kuna uwezekano mkubwa jibu limeanza na 64 na kupita rauta 7.

Windows hupiga hodi mara 4 kisha hunyamaza. Linux na Mac hupiga bila kuchoka mpaka umezuie kwa Ctrl na C. Angalia bando lako.

Muda nao unasema

Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa kila milisekunde moja. Kutoka Masoko mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 300 kwa barabara. Kwenda na kurudi ni 600, kwa hiyo mwanga wenyewe ungetumia milisekunde 3 tu. Mbona mimi niliona 48? Kwa sababu pakiti yangu ilipanda kwanza hewani kutoka kwenye simu hadi mnarani, ikasubiri zamu yake, ikapita rauta kadhaa, ndipo ikajibiwa. Milisekunde nyingi zilizobaki zilikuwa foleni na mitambo, si umbali.

Seva ya Ulaya ni habari nyingine. Kebo ya kilomita 10,000 inahitaji angalau milisekunde 100 kwenda na kurudi, hata usipokutana na foleni yoyote. Na setilaiti za juu kabisa, zilizoko kama kilomita 36,000 angani, zinakula karibu milisekunde 480, maana swali linapanda na kushuka, na jibu nalo linapanda na kushuka. Basi ukipiga ping kwenda seva ya Dar ukapata 50, 52, 49, njia iko sawa. Ukipata 50, kisha 900, kisha kimya, kisha 700, seva ipo ila kuna foleni au mawimbi yako ni dhaifu. Sogea dirishani kabla hujamlaumu mtu.

Kilichotokea siku ile

Siku hiyo hiyo mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika kaskazini mwa Durban, Afrika Kusini. Yote miwili hutua Dar es Salaam. Seacom ilianza kazi mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na tangu hapo sehemu kubwa ya mazungumzo yetu na dunia hupita humo. Unaweza kuuliza, kama kumekatika kusini, si tungepita kaskazini kupitia Bahari ya Shamu kwenda Ulaya? Huko nako mikongo kadhaa, Seacom ikiwemo, ilikuwa imeharibika tangu Februari mwaka huo. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana, pamoja na jirani kama Kenya, Uganda, Malawi na Msumbiji.

Lakini mimi nikiwa Masoko sikujua lolote kati ya hayo. Nilikuwa na kompyuta, bando, na saa nane mkononi. Mjomba alikuwa barazani akishona wavu. Yeye kazi yake ni kuvusha watu kwa mashua kati ya Masoko na Kilwa Kisiwani. Akaniuliza mbona nimekunja uso.

"Mjomba, naita mtu hajibu."

"Hajibu kwa vipi, mjomba? Mtu akiniita kutoka ng'ambo nisipoitika, huenda sipo. Huenda nipo nimelala. Huenda upepo umeichukua sauti yake. Au nimemsikia, sitaki tu kwenda. Wewe umeshaitia karibu kwanza ukasikia kama sauti yako inatoka?"

Nikacheka, kisha nikaona kwamba amenipa utaratibu mzima. Ukiita usiitikiwe, anza na wa karibu, songa hatua kwa hatua mpaka uone kimya kinapoanzia. Nikafungua dirisha la amri.

Hatua tano nilizopita

1. Nikajipigia hodi mwenyewe. Anwani 127.0.0.1 ni kompyuta yako kujiita yenyewe. Nikaandika ping 127.0.0.1, ikajibu chini ya milisekunde moja. Maana yake programu za mtandao ndani ya mashine yangu ni nzima. Ikikataa hapa, tatizo liko mapajani pako, usihangaike na chuo.

2. Nikapiga hodi mlango wa nyumba. Kila mtandao una kifaa cha kutokea nje: rauta ya hosteli, au simu yako ukiwa unatumia hotspoti. Anwani yake unaipata kwa amri ipconfig kwenye Windows, kwenye mstari wa Default Gateway. Nikaipigia, ikajibu. Kwa hiyo kompyuta na simu vinasikilizana.

3. Nikapiga hodi ng'ambo, kwa namba. Nilikuwa na anwani ya huduma moja maarufu ya nje ya nchi. Nikapata mara nne mfululizo: Request timed out. Yaani nimesubiri, muda umekwisha, hakuna aliyerudi. Hapa ndipo wengi huishia. "Ping imekataa, intaneti hakuna." Lakini mimi nilikuwa nimeambiwa na dada kwamba kwake mfumo unafunguka. Nikaendelea.

4. Nikapiga hodi chuoni, kwa jina. Nikaandika ping na jina la mfumo wa chuo. Safari hii maneno yalikuwa tofauti kabisa: Ping request could not find host. Soma vizuri hapo. Hakusema "nimesubiri sikujibiwa". Amesema "huyo mtu simjui anakaa wapi". Hodi haikupigwa hata mara moja.

5. Nikapiga hodi chuoni, kwa namba. Nikampigia tena dada.

"Dada, nisaidie kitu kimoja. Piga ping kwenye mfumo wa chuo, unisomee namba inayotokea."

Akanisomea tarakimu moja moja kama anasoma namba ya vocha. Nikaziandika. Nikabonyeza. Majibu manne, yote chini ya milisekunde 60.

Seva ya chuo ilikuwa hai. Njia kutoka Kilwa mpaka Dar ilikuwa wazi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaofika Lindi na Mtwara hauhusiani na kukatika kwa kebo za huko Durban. Na Dar es Salaam kuna kituo ambapo kampuni za intaneti za nchini hukutana na kubadilishana pakiti bila kuzizungusha nje ya nchi, kinaitwa TIX. Kwa hiyo seva iliyoko nyumbani inaweza kufikika hata nchi ikiwa imetengwa na dunia. Ilikuwa kama babu zetu wa Kisiwani, pepo za kaskazi zikichelewa na majahazi ya Arabuni yasifike, bado mashua za kwenda Mafia zinatembea.

Kosa lilikuwa langu

Sasa kwa nini jina halikupatikana? Kompyuta hazitembei kwa majina, zinatembea kwa namba. Ukiandika jina, kwanza inaulizwa huduma iitwayo DNS, ambayo ni kama daftari la simu: jina hili, namba yake ipi? Kwa kawaida daftari unalotumia ni la kampuni inayokuuzia bando, na lipo karibu. Lakini miezi kadhaa kabla, rafiki mmoja hosteli aliniambia nikibadilisha daftari nikaweka la ng'ambo, kurasa zitafunguka haraka. Nikabadilisha kwa mkono, nikasahau.

Kebo zilipokatika, kompyuta yangu ikawa inauliza ng'ambo, kwenye njia iliyofungwa, ili iambiwe anwani ya seva iliyoko Dar es Salaam. Dada yeye hakuwahi kugusa mpangilio wake, ndiyo maana kwake kulifunguka.

Nikaingia kwenye mipangilio ya mtandao, nikafuta anwani niliyoiweka, nikachagua kompyuta ichukue DNS yenyewe kutoka kwenye laini. Nikapiga ping kwa jina. Jibu. Nikafungua kivinjari, ukurasa wa kuingilia ukaja, taratibu lakini ukaja. Saa nne na dakika arobaini usiku faili likapanda. Nikamtumia dada ujumbe mfupi wa kawaida: "Imeingia." Akajibu: "Alhamdulillah. Nenda kalale."

Ping haisemi kila kitu

Kabla hujatoka hapa ukidhani umepata mganga, zipo hali mbili ambazo ping inaweza kukudanganya.

Ya kwanza, kimya si kifo. Wasimamizi wengi wa seva huzuia ping kwa makusudi kwa ajili ya usalama. Usiku ule ule nilipiga ping kwenye tovuti nyingine ya nchini, nikapata Request timed out mara nne, lakini kwenye kivinjari ikafunguka bila shida. Ni ile aliyoisema mjomba: amekusikia, hataki kuitika. Kwa hiyo ping isipojibu, jaribu pia kufungua huduma yenyewe, na piga ping kwenye seva nyingine ili ulinganishe.

Ya pili, kuitika si uzima. Ping inajibiwa na mashine, si na programu unayoitaka. Mashine inaweza kuwa inapumua vizuri huku programu ya tovuti ndani yake imesimama. Umepiga hodi, mlinzi amesema karibu, lakini wenye nyumba hawapo. Ping ikijibu na ukurasa usifunguke, hapo sasa una sababu ya kumwambia msimamizi wa mfumo akaangalie.

Kuna pia ujumbe wa tatu utakaokutana nao: Destination host unreachable. Huo hausemi kwamba muda umekwisha. Unasema kuna kifaa njiani, mara nyingi kilicho karibu nawe, ambacho hakioni njia ya kumpeleka hodi. Angalia kama Wi-Fi imekatika au waya umechomoka. Na ukitaka kuona pakiti inapotelea kituo gani, tumia tracert kwenye Windows au traceroute kwenye Linux na Mac. Inakuorodheshea rauta moja baada ya nyingine, kama kondakta anayetaja vituo: Nangurukuru, Somanga, Kibiti, mpaka Mbagala.

Namna ya kulalamika ukasikilizwa

Jumatatu asubuhi kundi la darasa lilikuwa limejaa simu na ujumbe wa lawama. Wengi walikuwa wameshamwandikia mwalimu kwamba seva ya chuo ilikufa. Haikufa. Iliwashwa siku nzima, na wapo waliowasilisha. Mwalimu, kwa ubinadamu wake, aliwaongezea wote muda mpaka Jumatano, kwa sababu tatizo la mikongo lilikuwa la kweli na kila mtu alishasikia. Ila fikiria siku ambayo tatizo ni lako peke yako na hakuna taarifa ya habari ya kukutetea. "Seva ilikufa" haitakusaidia, maana msimamizi ana kumbukumbu za mashine yake.

Kwa hiyo ukikwama, andika hivi: saa ngapi ulijaribu, ulikuwa wapi na unatumia laini au Wi-Fi gani, ping ya mlango wa nyumba ilijibu nini, ping ya seva kwa jina ilijibu nini, ping kwa namba ilijibu nini, na seva nyingine ulizojaribu zilisemaje. Piga picha ya skrini yenye saa. Dakika tano tu. Msimamizi akipata maelezo hayo hana haja ya kukuuliza maswali kumi, na mwalimu anaona kwamba ulihangaika kweli.

Na usisubiri siku ya mwisho. Leo jioni, mtandao ukiwa mzima, fungua dirisha la amri, piga ping kwenye mfumo wa chuo, uandike ile namba nyuma ya daftari lako pamoja na muda wake wa kawaida. Namba inaweza kubadilika chuo kikihamisha seva, kwa hiyo ihakiki mwanzo wa kila muhula. Mimi yangu iko ukurasa wa mwisho, chini yake nimeandika namba ya simu ya dada mwenyekiti.